Sare ya Gwaride kama Tafsida: Usomaji wa Mabango ya Kuandikisha Askari

Wanafunzi wa semantiki wamezoea kuitafuta tafsida katika maneno: mtu hasemwi kuwa amekufa, bali amefariki au ameaga dunia. Makala haya yanadai kwamba picha nayo ina tafsida yake. Mfano ulio wazi ni bango la kuandikisha askari, hasa lile linalomwonyesha askari akiwa amevaa sare ya gwaride. Ufafanuzi unajikita katika historia ya jeshi la King's African Rifles, ambalo Waswahili waliliita Keya kutokana na herufi K.A.R.

Uingereza ilianza kuwavalisha askari wake khaki kama sare ya kazi mwaka 1902. Hata hivyo, mabango yake ya kabla ya vita vya 1914 yaliendelea kuonyesha makoti mekundu na vifungo vinavyong'aa. Keya nayo iliundwa mwaka huohuo wa 1902. Katika gwaride, askari wake alijulikana kwa tarbushi nyekundu. Huko Burma mwaka 1944 alivaa kofia pana, akapigana katika matope na mvua. Nguo ya gwaride, basi, si nguo ya vita. Inapowekwa kwenye bango huashiria nidhamu, mshahara na heshima, na papo hapo huondoa machoni handaki, jeraha na kaburi. Bango halisemi uongo, kwani sare hiyo ipo kweli. Linachagua tu ukweli unaopendeza, na huo ndio utendaji wa tafsida.

Lugha ya uandikishaji hufanya kazi hiyohiyo. Tuchukue kitenzi *kujiandikisha*. Kirejeshi *-ji-* humfanya mtu mmoja kuwa mtenda na mtendwa, nacho kiambishi *-ish-* humpa nafasi ya kuwa chanzo cha tendo. Anayejiandikisha, kisarufi, amejipeleka mwenyewe. Lakini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, utumishi wa lazima ulitumika Tanganyika. Kijana wa Ubaruku aliyepelekwa kwa amri hakujiandikisha. Aliandikwa, au kwa usemi mkali zaidi, alichukuliwa. Mnyambuliko mmoja wa kitenzi unatosha kuficha au kufichua nguvu ya dola.

Ubaruku, iliyoko katika tambarare ya Usangu, inatukumbusha pia kwamba watu wa nyanda hizi hawakufundishwa maana ya vita na bango. Katika karne ya 19 Wasangu, chini ya watawala walioitwa Merere, walipigana na Wahehe. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipambana katika Nyanda za Juu za Kusini, na mwezi Agosti Waingereza wakaingia Iringa.

Majeshi hayo yalitegemea wapagazi, na hapa ndipo tafsida ya sare inapodhihirika zaidi. Mpagazi hakuwa na sare ya gwaride. Kwa hiyo hakuwa na sura ya kupamba bango. Hata hivyo, wapagazi walikufa wengi kuliko askari, hasa kwa maradhi. Katika Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, aliyesimama juu ni askari. Wapagazi wanatajwa katika maandishi yaliyo chini yake. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilitoholewa kuwa Kariakoo, na hadi leo hutamkwa na maelfu ya wanunuzi na wauzaji wasiowakumbuka waliolibeba.

Kwa kuhitimisha, msomaji wa mabango ya aina hii anashauriwa kuuliza maswali matatu. Nguo hii huvaliwa wapi? Kitenzi kinamtaja nani kuwa mtenda? Nani aliyekuwepo vitani lakini hayumo pichani? Swali la tatu ndilo zito zaidi, kwa kuwa tafsida ya neno hulainisha jambo linalotajwa, ilhali tafsida ya picha yaweza kumfuta mtu mzima.