Injini ya mzunguko
Injini ya mzunguko ni injini ya ndege za zamani ambayo silinda zake huzunguka pamoja na rafadha na kupozwa na upepo. Haina maji wala rejeta, kwa hiyo ni nyepesi. Hata hivyo, kama injini nyingine, hupoteza nguvu katika hewa ya joto, ambayo ni nyembamba.

Mwaka 1915 Waingereza waliitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji, mkabala wa Ras Kisimani, Mafia. Ndege zao za Sopwith, zenye injini ya mzunguko ya Gnome ya nguvu-farasi 100 tu, zilishindwa kupanda ipasavyo. Mwezi Juni zililetwa, pamoja na nyingine, Henri Farman zenye injini ya kupozwa kwa maji, nzito lakini yenye nguvu zaidi. Tarehe 11 Julai mojawapo iliwaelekeza wapiga mizinga walioiangamiza Königsberg, ingawa yenyewe ilidunguliwa.