Kampuni Binafsi Zabeba Sauti za Angani

Mimi ni Mzanzibari, na suala la mawasiliano ya angani linanigusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na kituo Tunguu, hapa Unguja, cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wake wa kwanza wa kupeleka watu angani. Chombo kilisikika kilipopita karibu tu. Kikishatokomea upeoni, kimya.

Dawa ya kimya hicho ilikuwa TDRS, setilaiti za NASA za kupokezana data. Tangu 1983 zimekaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, zikipokea data za vyombo vilivyo chini yao na kuziteremsha vituoni, kikiwemo White Sands, New Mexico. Ya mwisho ilirushwa 2017, na sasa zinazeeka.

Mwaka 2022 NASA ilizichagua kampuni 6, zikiwemo SES, Viasat na SpaceX, kwa jumla ya dola milioni 278.5, zithibitishe kwamba mitandao yao inaiweza kazi hiyo. Septemba 2024, katika safari binafsi ya Polaris Dawn, mwanaanga Sarah Gillis alipiga fidla ndani ya Dragon, chombo cha SpaceX. Video ikafika duniani kwa miale ya leza kupitia Starlink, mtandao wa setilaiti wa kampuni hiyo.

Naunga mkono mageuzi haya ya kuzikabidhi kampuni binafsi kazi ya TDRS, kwa sharti moja: NASA isitegemee kampuni moja. Kwa mwanaanga, mawasiliano ni uhai.