ALAT imepanda, na mama hanywi pombe

Wamama wengi wanarudi kutoka labo na karatasi iliyoandikwa ALAT na ASAT, namba zake zikiwa zimepita kipimo. Ndipo maneno yanaanza nyumbani. Bwana anauliza: "Kumbe unakunywa kwa siri?" Wakwe wanasema ni sumu ya jirani. Mama hajaonja hata kasiksi, na tayari anaitwa mlevi.

Tuelewane kwanza. ALAT na ASAT ni enzimu zinazofanya kazi ndani ya chembe za ini. Chembe zikiumia, enzimu zinavuja na kuingia katika damu, na labo inazipima. Namba inasema kuna chembe zinazoumia. Haisemi ni nini kinachoziumiza.

Pombe ni sababu moja. Hepatiti B na C ni nyingine, pia dawa fulani na mizizi tunayochemsha nyumbani. Lakini unene nao ni sababu, tena ya kila siku. Mafuta yanayozidi hayabaki kiunoni tu. Mengine yanajaa ndani ya ini, bila maumivu. Hapo mara nyingi ALAT ndiyo inapanda kuliko ASAT, tena si sana. Kwa walevi wengi ni kinyume: ASAT inakuwa mbele. Ni dalili tu, haimalizi kesi, lakini bwana aisikie. Tena ASAT iko pia katika misuli, kwa hiyo mama aliyebeba mizigo mizito jana yake amwambie munganga. Na kuna wenye ini lililojaa mafuta ambao namba zao ni nzuri kabisa. Mwenye kiuno kinachopita sentimeta 88 asitulizwe na karatasi peke yake.

Kwetu unene ni sifa: "bwana anamtunza." Tunaelewa, vita na njaa vimetufundisha kuogopa kukonda. Hatumwambii mtu awe fimbo. Mama wa kilo 90 akipunguza kilo 4 na nusu, mafuta ya ini yanaanza kupungua. Akifikisha kilo 7 hadi 9, hata chembe zilizoumia zinaweza kupona. Iwe polepole, kwa miezi, maana kujinyima chakula ghafla kunaumiza ini vilevile. Tuanze na sukre, sukari ya chai, mandazi, na ule mlima wa bugali. Sombe, lengalenga, maharagi na ndagala vibaki, ila mawese yapimwe kwa kijiko. Kahawa yetu ya Kivu, bila sukari, haina ubaya kwa ini.

Kabla ya kumshtaki mtu, tuombe labo ipime hepatiti B na C, pamoja na sukari ya damu, kwani unene na kisukari hutembea pamoja. Ekografia ya tumbo, ikipatikana, inaweza kuonyesha mafuta ndani ya ini. Macho yakiwa manjano, tumbo likivimba, au mtu akitapika damu, ni hospitali siku hiyohiyo.

Na siku ya majibu bwana aje naye, asikie mwenyewe kutoka kwa munganga.