Kiwiko Kikivunjika, Tazameni Vidole

Maembe yanapoiva huku Ngara na Biharamulo, tunawapokea watoto walioanguka mitini wakafikia kiganja. Mara nyingi mfupa wa mkono wa juu umevunjika karibu kabisa na kiwiko, mahali unapopita mshipa mkubwa wa damu iendayo vidoleni.

Wengine huletwa siku ya tatu, wamefungwa vijiti na vitambaa vya kubana. Mkono huvimba ndani ya kifungo, damu hukosa njia. Misuli ikikosa damu kwa saa sita hivi huanza kufa, na vidole hujikunja kama kucha za mwewe maisha yote. Hata plasta yetu ikibana yaweza kuleta haya.

Hospitalini mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, mfupa ukarudishwa na kushikizwa kwa waya nyembamba za chuma, zinazotolewa baada ya wiki tatu au nne. Zipo pia pini zinazoyeyuka zenyewe mwilini, zisizohitaji kutolewa. Madaktari wa Helsinki, Ufini, walianza kuzitumia mwaka 1984 kwa mifupa ya kifundo cha mguu. Ni ghali. Nazo hazifufui misuli iliyokufa.

Basi msimkande mtoto wala kumnyoosha mkono. Utegemezeni kwa kanga jinsi ulivyo, mje siku hiyo hiyo. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, au akilia mno mnapovinyoosha, legezeni kila kitambaa, na msingoje kupambazuke. Mwenye plasta naye arudi usiku huo huo.