Jiko Halilali Hemani

Mwishoni mwa Mei tulikwenda kulala nje, watu tisa: mimi, mke wangu, mtoto wetu wa miaka minne, shemeji aliyekuja kututembelea kutoka Iringa, na wenzetu watano wa chama. Mahali penyewe ni Edale, kijiji cha bondeni ndani ya hifadhi ya Peak District, chini ya mlima Kinder Scout. Una mita 636 tu. Sisi wa nchi ya Kilimanjaro tulicheka kusikia unaitwa mlima, mpaka tulipoupanda. Treni ya kati ya Manchester na Sheffield inasimama hapo hapo kijijini, ndiyo maana wanafunzi tunapapenda.

Safari ilikwenda vizuri. Tulichoma kuku, tukapiga soga. Ilipofika saa nne usiku baridi ikaanza kuuma, mtoto akawa anatetemeka. Shemeji akaniambia, "Shemeji, jiko limeshazimika moto, limebaki joto tu. Si tuliingize hemani mtoto apate usingizi? Kwetu mbona tunafanya hivyo."

Nilikataa, akaninunia kidogo. Basi acha nieleze hapa nilichomweleza yeye usiku ule. Somo langu ni mitambo ya joto, kwa hiyo mnisamehe nikihubiri.

Mkaa ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, haikereketi koo, haitoi machozi. Na watu wengi hawajui kwamba mkaa uliofunikwa na majivu, usio na mwali wala moshi, ndio wa kuogopwa, kwa sababu unaungua taratibu na hewa haiufikii vizuri. Ukiivuta, gesi inashikana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Yaani mapafu yanafanya kazi, moyo unapiga, lakini damu haina nafasi ya kubeba oksijeni. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu na kichefuchefu, atadhani ni mafua au uchovu wa safari. Aliyelala hasikii kitu, na huenda asiamke tena.

Nyumba nyingi za kwetu zina upenyo kati ya ukuta na paa, hewa inapita, ndiyo maana watu wanaponea chupuchupu na kudhani ni salama. Hata huko wapo waliokufa. Hema limepakwa dawa ya kuzuia mvua, na ndani ni padogo kuliko bafu. Kuacha zipu wazi hakutoshi. Jiko la gesi nalo ni hivyo hivyo, usilipikie ndani. King'ora cha gesi hii kinanunulika, sisi tunacho, lakini si kibali cha kuingiza jiko. Ukihisi dalili, toeni watu wote nje kwanza, halafu piga 999.

Sasa mtoto tumfanyeje? Baridi ya hemani haitoki juu, inatoka chini. Ardhi yenye unyevu inanyonya joto la mwili usiku kucha, na begi la kulalia likilaliwa linabanwa, halizuii tena kitu. Godoro la kujaza upepo ndilo lililotudanganya mwaka jana: hewa ya ndani inazunguka, inachukua joto la mgongo na kulipeleka chini. Sponji nyembamba ya bei rahisi inashinda, maana hewa yake imefungwa kwenye vijitundu na haiwezi kuzunguka. Tukamtandikia mtoto sponji mbili, tukambadilisha soksi zilizoloa umande, tukamvika kofia, tukampa chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo. Dakika kumi hazikupita akawa anakoroma.

Saa saba usiku nikatoka kwenda haja, nikamkuta shemeji naye nje, koti limemfika masikioni. Nikamwita pale jiko lilipo. Majivu ya juu yalikuwa meupe, huoni hata cheche. Nikayachokonoa kwa kijiti. Chini mkaa ulikuwa bado mwekundu.

Akautazama weee, halafu akaenda kuchota maji akaumwagia.