Kosa la wakili ni moja, kulificha ni la pili

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nikiwachambulia wanafunzi muundo wake kiambishi baada ya kiambishi. Hata hivyo, maana yake ilinifikia barabara mnamo Desemba 2023, nyumbani kwa mjomba wangu huko Werugha.

Tulikuwa tumeketi jikoni karibu na moto, kwa kuwa ukungu ulikuwa umetanda na baridi ya milima ya Taita haina mzaha. Mzee aliinuka kwa taabu, akaegemea mkongojo wake, akaenda chumbani na kurejea na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na stakabadhi, kadi za hospitali, fomu ya P3 ya polisi, na barua moja ya Kiingereza yenye mistari minne.

"Mpwa wangu," akasema, "wewe ni daktari wa lugha. Hebu nisomee hii. Karani wa wakili aliniambia kwamba muda wa kesi yangu bado haujafika."

Nikaisoma. Barua haikusema kwamba muda bado. Ilisema kwamba muda umekwisha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mnamo Agosti 2013 mjomba aligongwa na matatu katika barabara ya Voi kwenda Mwatate, akavunjika mguu. Alimtafuta wakili katika mji ambao sitautaja, akamlipa, akatia sahihi alipoonyeshwa, akarudi mlimani kungoja. Sheria ya Kenya kuhusu ukomo wa muda wa kushtaki, Sura ya 22, humpa mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mwenziwe miaka mitatu kufungua kesi ya madai. Miaka hiyo ilikwisha Agosti 2016 bila kesi kufunguliwa. Machi 2017 ikaja ile barua, ikieleza kwamba dai haliwezi kuendelea kwa sababu ya muda, bila kutaja ni nani aliyeuacha muda huo upite. Tangu hapo, kila mzee alipopiga simu, aliambiwa mara kesi imepangiwa tarehe, mara hakimu amehamishwa, mara jalada limepelekwa Mombasa.

Sasa mjomba amemshtaki wakili wake huyo wa zamani. Haya niliyoyasimulia ni maelezo ya upande mmoja, na wakili naye ana haki ya kusikilizwa. Kwa hivyo uamuzi nawaachia wenye kazi hiyo. Nia yangu ni kulijadili jambo ambalo naona ni kubwa kuliko mguu wa mzee mmoja.

Neno "wakili" limetujia kutoka Kiarabu, katika mzizi ulio na maana ya kumkabidhi mtu jambo lako na kumtegemea. Ni mzizi huo huo uliotupa "wakala" na "tawakali". Anayekwenda kwa wakili, basi, hanunui huduma kama anunuavyo sukari dukani. Anaweka amana. Sukari ikiwa na mchanga utaiona. Kesi isipofunguliwa, mtu wa Werugha ataionaje, ilhali dirisha lake pekee la kuchungulia mahakamani ni yule yule aliyekosea?

Hapa ndipo tunapaswa kutofautisha maneno mawili ambayo watu huyachanganya, kusitiri na kuficha. Wakili ameamrishwa kumsitiri mteja wake. Sheria yetu ya Ushahidi, katika kifungu cha 134, inamkataza kuyatoa nje yale aliyoelezwa na mteja wake kwa ajili ya kazi hiyo. Siri hiyo ni mali ya mteja, naye wakili ni mtunzaji tu. Anayemnyima mteja habari za kesi ya mteja mwenyewe hasitiri kitu. Anaficha. Ameigeuza amana ikawa ngao yake.

Kukosea ni ubinadamu, na wakili aliyesahau tarehe anaweza kusema, "Nimekosa, tafuta mwenzangu akutetee dhidi yangu." Hilo ni kosa moja. Akinyamaza, au akisema kesi inaendelea ilhali haipo, ametenda kosa la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza, kwani linamwibia mteja hata nafasi ya kudai fidia ya lile la kwanza. Saa ya sheria humhesabia mtu ambaye hajui kwamba anahesabiwa.

Wenye kutunga sheria waliliona jambo hili zamani. Kifungu cha 26 cha Sura ya 22 kinasema kwamba ikiwa haki ya kushtaki imefichwa kwa hila na mshtakiwa au wakala wake, muda hauanzi kuhesabiwa mpaka mdai aigundue hila hiyo, au afikie wakati ambapo angeweza kuigundua kwa bidii ya kadiri.

Mfano mashuhuri ni wa Uingereza, katika kesi ambayo wanasheria huiita Kitchen, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1958. Mwanajeshi mmoja wa jeshi la anga aliuawa na umeme jikoni kwake mwaka 1945. Mawakili waliokabidhiwa shauri la mjane wake hawakufungua kesi kwa wakati. Kampuni ya umeme ikatoa pauni 100, na mjane akafichwa fedha hizo zilitoka kwa nani. Miaka ikapita kabla hajaujua ukweli. Mawakili walipojitetea kwamba muda wa kuwashtaki umekwisha, mahakama ilikataa kuwaruhusu wajikinge kwa giza walilolitia wao wenyewe. Mjane alipewa pauni 2,000, si kwa kuwa ilikuwa yakini kwamba angeishinda kampuni ya umeme, bali kwa kuwa alipotezewa nafasi ya kujaribu.

Msomaji atasema, basi mjomba ana salama. La, hasha! Turudi kwenye yale maneno "bidii ya kadiri". Upande wa pili utauliza: mzee huyu alikuwa na barua mkononi tangu Machi 2017. Je, kweli hakuwa na mtu wa kumsomea? Hapo ndipo ninapoinamisha kichwa, kwani mtu wa kumsomea alikuwapo. Mnamo Desemba 2019 mjomba aliniambia kwamba ana barua angependa niitazame. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha na gari lilikuwa likiningoja kuteremka Wundanyi. Nikamjibu, "Krismasi ijayo, mjomba." Ikaja korona mwaka 2020, mambo yakasahaulika, na mzee, kwa heshima yake, hakuniuliza tena.

Kwa madai yanayotokana na mkataba, sheria hutoa miaka sita. Hata tukihesabu kuanzia Agosti 2016, ningeisoma barua ile siku niliyoombwa, mzee angekuwa na zaidi ya miaka miwili na nusu ya kumshtaki wakili wake bila kukihitaji kifungu cha 26 hata kidogo. Leo anakitegemea kifungu hicho kama anavyoutegemea mkongojo wake. Wakili alificha, naam, lakini mimi niliyekuwa na taa sikuiwasha.

Isitoshe, hata akiruka kiunzi hicho, mjomba atalazimika kuthibitisha kesi ndani ya kesi, yaani kwamba angekuwa na matumaini ya kumshinda mwenye matatu kama shauri lingefunguliwa. Ndiyo maana namshukuru Mungu kwa lile sanduku la bati. Kila stakabadhi iliyomo ni shahidi.

Kuna mengine ambayo raia anapaswa kuyajua. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, katika kifungu cha 46, inabatilisha mapatano yoyote ya kumwondolea wakili dhima ya uzembe wake. Kwa hivyo karatasi ya namna hiyo, hata ikiwa na sahihi yako, haimkingi. Tangu mwaka 1989 kuna kamisheni ya kupokea malalamiko dhidi ya mawakili, nayo haitozi ada. Aidha, jopo la nidhamu laweza kumwondoa wakili katika orodha ya mawakili, kumsimamisha kwa muda usiozidi miaka mitano, kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kumwamuru amlipe aliyedhulumiwa fidia isiyozidi shilingi milioni tano.

Lakini haki usiyoijua ni kama chakula kilicho juu ya dari. Katiba ya 2010 imetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Jirani zetu wa Tanzania, ambao mtu wa Taveta huwafikia kwa safari fupi, walibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sisi si lazima tungoje hatua kubwa kama hiyo. Tuanze na jambo dogo: kila barua ambayo wakili anamwandikia mteja asiyejua Kiingereza iandikwe kwa Kiswahili, itaje tarehe ya mwisho ya kushtaki na nambari ya kesi ikiwa imefunguliwa, na mteja abaki na nakala. Mwenye nambari anaweza kwenda mwenyewe kwenye masjala ya mahakama kuuliza. Asiye na nambari huambulia simu za karani.

Wenzangu walimu, tunawafundisha vijana kuandika barua rasmi kwa sababu zimo katika mtihani. Tuwafundishe pia kuzisoma: nani anasema, nini kimetendwa, na ni nani aliyeachwa bila kutajwa. Ile barua ya mjomba ilikuwa sahihi kisarufi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ila tu sentensi yake kuu haikuwa na mtenda.

Nanyi wanafunzi mnaorejea nyumbani likizoni, iwe ni Werugha, Mgange au Mwatate, jueni kwamba katika nyumba nyingi kuna sanduku la bati. Mzee akikuomba umsomee barua, usimwambie Krismasi ijayo. Isome siku hiyo hiyo, kabla gari halijaondoka.