Kazi kwanza, vyeti baadaye: Sheria isemavyo kuhusu matangazo ya ajira

TANGAZO huja kwa simu. Hoteli moja ya ufuoni Kikambala, ladai, inasaka wahudumu, wapishi, walinzi na watunza bustani. Anayetaka kazi atume picha ya kitambulisho, cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, stakabadhi ya KRA na ada ndogo ya kufungulia faili kabla ya saa kumi jioni. Kabla jua halijatua, tangazo hilo limekwisha kutoka Mtwapa hadi Vipingo, na kila aliyelisambaza ameongeza neno lake. Huyu aapa kwamba binamu yake aliajiriwa kwa njia iyo hiyo. Yule asema ni utapeli mtupu. Wa tatu, kwa sauti ya wakili, atangaza kwamba sheria imefutilia mbali vyeti vyote vya kuombea kazi.

Wa tatu ndiye aliyeukaribia ukweli, ingawa hakuufikia. Na kwa kuwa mabishano ya namna hii ndiyo shule ya sheria kwa watafuta ajira wengi, yafaa kutenganisha pumba na mchele.

Mnamo 2022, Kenya iliifanyia marekebisho Sheria ya Ajira ya 2007 kufuatia mswada uliowasilishwa na aliyekuwa mbunge maalum, Gideon Keter. Marekebisho hayo yaligusa kifungu cha 9, kinachohusu mikataba ya kazi. Yanasema kwamba mwajiri hana ruhusa ya kumtaka mtu awasilishe vyeti vya kuidhinishwa isipokuwa pale anapokusudia kuingia naye katika mkataba wa maandishi. Vyeti vinavyolengwa ni vile ambavyo kila kijana aliyewahi kubeba bahasha ya kaki anavijua: cha maadili mema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, cha kulipa ushuru kutoka KRA, cha HELB kuhusu mkopo wa masomo, cha Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, na kile cha mashirika yanayoweka rekodi za wadaiwa wa mikopo.

Maana yake ni nyepesi. Mwajiri achague kwanza mtu anayemtaka, ndipo amwombe vyeti. Iwapo aliyechaguliwa atashindwa kutimiza masharti ya lazima, mwajiri anaweza kuiondoa nafasi aliyompa. Vyeti havikufutwa. Kilichobadilishwa ni mpangilio wa foleni.

Ni ajabu kidogo kwamba taifa lilihitaji Bunge ili kukubali jambo ambalo busara ya kawaida ingalitosha kulisema. Kwa miaka mingi, nafasi moja ya karani iliombwa na mamia ya watu, na kila mmoja wao akatakiwa kugharimia vyeti kana kwamba tayari ameajiriwa. Mmoja alipata kazi. Waliosalia walibaki na karatasi ambazo muda wake ulikuwa ukiyoyoma.

Kwa mkazi wa Kikambala gharama haiishii kwenye ada. Cheti cha maadili mema kimekuwa kikitozwa Sh1,050 kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Lakini baada ya kulipa mtandaoni, mwombaji sharti aende mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Kikambala iko katikati ya njia, Kilifi upande mmoja na Mombasa upande wa pili, na kwenda kokote kati ya miji hiyo ni nauli ya matatu, chakula cha mchana na siku nzima bila kibarua. Mtu asiye na mshahara hukopa fedha hizo kwa jamaa, na mkopo wa jamaa hauna riba lakini una masimango.

Hapa sayansi yenyewe inasaidia kumfichua tapeli. Mistari ya vidole huumbika kabla ya mtoto kuzaliwa, na haibadiliki katika maisha yake isipokuwa kwa jeraha kubwa. Ndiyo sababu polisi huitegemea: alama za mwombaji hulinganishwa na zile za watu waliowahi kupatikana na hatia. Kazi hiyo haiwezi kufanywa bila vidole vyenyewe. Kwa hivyo, anayeahidi kwamba atamtengenezea mtu cheti cha maadili mema kwa saa moja, akitumia picha ya kitambulisho tu, hauzi huduma ya haraka. Anauza karatasi ya kughushi, na atakayeiwasilisha kwa mwajiri ndiye atakayejibu maswali ya polisi.

Kuna vyeti ambavyo sheria ya 2022 haikuvigusa. Mwajiri bado anaweza kudai kuona vyeti vya masomo na vya ufundi, kwani hivyo vinaonyesha uwezo wa mtu na si usafi wa rekodi yake. Kadhalika, anayeshika chakula cha wateja hana budi kupimwa afya, na sharti hilo ni la kuwalinda walaji. Hata hivyo, kipimo hicho hufanywa na wahudumu wa afya, na malipo yake huenda kwa kituo cha afya. Hayaendi kwa nambari ya simu ya mtu anayejiita ofisa wa uajiri.

Inafaa kueleza kwa nini ulaghai huu umepata udongo wenye rutuba Kikambala. Uchumi wa eneo hilo umeegemea hoteli za ufuoni, na hoteli huajiri kwa msimu. Watalii hufurika kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi. Masika yanapoingia, vyumba hubaki vitupu na wafanyakazi hurudishwa nyumbani. Juu ya hayo kuna majanga. Mnamo Novemba 28, 2002, walipuaji wa kujitoa mhanga waliishambulia hoteli ya Paradise, papo hapo Kikambala, na kuwaua Wakenya 10 na Waisraeli watatu. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwemo watu waliokuwa wakijitafutia riziki hotelini. Mwezi wa Mei, 2003, Uingereza ilisimamisha safari za ndege zake kuja Kenya kwa hofu ya ugaidi. Mnamo Aprili 2020, kwa sababu ya virusi vya corona, Kilifi ilifungwa pamoja na Mombasa na Kwale, mtu asiingie wala asitoke, na haikufunguliwa hadi Juni. Mahali ambapo ajira huja na kutoweka namna hii, watu hujifunza kukimbilia kila tangazo kabla halijapoa. Tapeli anaijua haraka hiyo. Ndiyo maana tangazo lake huwa na saa ya mwisho.

Aidha, kiasi anachoomba huwa kidogo. Mtu aliyepoteza shilingi mia chache huona aibu kwenda kituoni, na ndugu zake humwambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo ni ya hekima, ila matapeli wameifanya ya kwao.

Je, kutoza ada ili kumpa mtu kazi ni halali? Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinamkataza mwajiri kukata mshahara wa mfanyakazi kama zawadi ya kumpatia kazi au ya kumwacha aendelee nayo. Kwa lugha ya mitaani, ule mtindo wa kukubali kazi kisha mshahara wa mwezi wa kwanza umezwe na msimamizi hauna msingi wowote wa kisheria. Na aliyeandika tangazo la uongo akachukua fedha za watu kwa njia ya simu au kompyuta anakabiliwa na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, ambayo kwa kosa la ulaghai huweka faini isiyozidi Sh20 milioni, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Linganisha adhabu hiyo na ya mwajiri halisi anayeendelea kudai vyeti mapema. Sheria ya Ajira huweka adhabu ya jumla kwa makosa ambayo hayakutengewa adhabu yake: faini isiyozidi Sh50,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Kwa kampuni kubwa, hiyo ni fedha ya chai. Labda ndiyo sababu matangazo yanayoorodhesha vyeti vyote hayajaisha hadi leo, na kuwepo kwake kunamfaa tapeli, kwani tangazo lake la uongo hufanana na ya kweli.

Basi mtu atalitambuaje? Njia ya kwanza ni anwani ya mtandao. Anwani za Kenya zinazoishia kwa .go.ke hutengewa asasi za serikali, na zile za .ac.ke hutengewa taasisi za elimu ya juu. Anayetaka tu hawezi kujitwalia. Lakini anwani zinazoishia kwa .com au .co.ke zaweza kununuliwa na yeyote. Kinachopaswa kutazamwa ni mwisho wa jina la anwani, pale kabla ya mkwaju wa kwanza unaolifuata, wala si mwanzo wake. Neno “Kilifi” au jina la hoteli maarufu likitangulia, halithibitishi chochote. Hoteli yenyewe iko barabarani. Kwa anayeishi jirani, kwenda langoni na kumuuliza mlinzi kunashinda ukaguzi wote wa mitandaoni.

Kuhusu kazi za kaunti, ubishi husikika kwamba zimetengewa wenyeji pekee, au kwamba hugawanywa gizani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka nafasi zitangazwe kwa njia itakayowafikia watu wengi iwezekanavyo. Inataka pia angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini zijazwe na watu wasiotoka katika jamii yenye watu wengi zaidi katika kaunti hiyo. Anayedai kuuza nafasi ya kaunti kwa mnong’ono anauza kitu ambacho sheria inaamuru kitangazwe hadharani.

Tangazo la uongo la hoteli humgharimu mtu nauli na ada. La ughaibuni laweza kumgharimu uhuru wake. Tangu 2022, serikali imewaonya Wakenya mara kadhaa kuhusu kazi za Kusini Mashariki mwa Asia, baada ya vijana walioahidiwa kazi nzuri nchini Thailand kuvushwa hadi Myanmar na kulazimishwa kuwatapeli watu mitandaoni. Yaani mtafuta kazi hugeuzwa kuwa mwandishi wa matangazo yale yale yaliyomnasa. Kwa wanaoahidiwa kazi katika nchi za Ghuba, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huchapisha orodha ya mawakala waliosajiliwa, na jina lisilokuwemo humo halifai kukabidhiwa pasipoti. Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010 inaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua Sh30 milioni, au zote mbili.

Wengi huhesabu fedha zilizopotea na kusahau picha ya kitambulisho. Hiyo ndiyo hasara inayodumu, kwa kuwa nambari ya kitambulisho yaweza kutumiwa kusajilia laini ya simu au kuombea mkopo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu aeleze anazitakia nini, na asichukue zaidi ya anachohitaji. Mwombaji ana haki ya kuuliza kwa nini kitambulisho chake kinahitajika kabla hata ya kuhojiwa, na anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Kulinda Data.

Aliyekwisha kutuma fedha kwa M-Pesa anashauriwa kusambaza ujumbe wa malipo hayo kwa nambari 456 mara moja, kabla hazijatolewa. Anayetumia laini ya Safaricom anaweza kubonyeza *106# aone ni nambari zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kisha apige ripoti katika kituo cha polisi, kwa wakazi wa Kikambala kile cha Kijipwa au cha Mtwapa, akiwa na jumbe zote ambazo hazijafutwa, na aondoke na nambari ya kitabu cha matukio. Nambari hiyo haitozwi ada.